Mwalimu wa Kambi na Pumzi Zetu

Ukitaka kujua kwamba Mwalimu wa Kambi ameingia bwaloni, usiangalie mlango. Sikiliza watoto. Vijiko vinatua kwenye sahani kimoja kimoja, aliyekuwa anacheka anameza kicheko pamoja na ugali, hata wapishi wanaacha kugombana. Yeye mwenyewe hana kishindo. Ni mfupi, mwembamba, anatembea na raba za kitambaa kama mtu anayepita kwenye nyumba yenye mgonjwa. Nilimwogopa nikiwa kidato cha tatu, nikamwogopa nikiwa mama, na hapa ninapoandika bado namwogopa. Wanaomsifu kwamba ni hazina, kwamba chuo cha muziki kilipata bahati, nawaambia tu: ninyi hamkuimba mbele yake.

Kila likizo ya mwezi wa sita, chuo kinaazima shule moja ya sekondari pale Masasi, wanafunzi wenyewe wakiwa wameenda makwao, na kukusanya vijana wa shule mbalimbali: Newala, Chidya, Ndanda, na kwetu Mnyambe. Wanafundishwa kusoma do-re-mi, kuimba kwa sauti nne, ngoma, kinanda. Mwisho kuna onyesho, wazazi wanaitwa, na wale wachache waliong'ara chuo kinawafuatilia hadi wamalize shule. Walimu wengine wa chuo huja na kuondoka, mwaka huu huyu, mwaka ujao yule. Yeye habadiliki. Kwa hiyo kwetu sisi yeye ndiye alikuwa kambi.

Hakumwita mtu jina. "Majina yenu yanafanana," alisema. "Nikiita Asha wanasimama nusu ya darasa. Mlikotoka ndiko kunakoimba." Basi mimi nilikuwa Mnyambe. Rafiki yangu Tecla, tuliyelala kitanda kimoja cha chini na juu, alikuwa Ndanda. Ukikosea alitaja kwenu, na ulisikia aibu ya kijiji kizima ikikupanda shingoni.

Siku ya kwanza hatukuimba. Alitupanga mstari akatunusa. Sitanii. Alipita na pua yake kwenye kola ya kila mtoto.

"Salfa. Salfa. Na wewe salfa. Wewe huna, baba yako hana mikorosho?"

"Anayo, Mwalimu, ila mashine imekufa."

"Namwombea ikae hivyohivyo."

Tukacheka, halafu tukaona yeye hacheki.

Asiyejua mikorosho nimweleze. Mwezi wa sita ndiyo tunaanza kupuliza. Unakwenda shambani kabla jua halijatoka, umande ukiwa kwenye majani, ili ule unga wa salfa ushike. Mtu mzima anabeba mashine mgongoni, inanguruma kama pikipiki mbovu, na mtoto ndiye anashika mfuko, anajaza, anaonyesha mti uliosahaulika. Mnarudi nyumbani kope za njano, macho yanawasha, koo kama mmekula majani makavu. Ndivyo tulivyokua. Hakuna aliyeuona kuwa ugonjwa. Uliitwa msimu.

Mwalimu wa Kambi aliona vingine. "Fueni kila mlichokuja nacho," alisema. Shuka, sare, kanga, mpaka mikoba. Sisi wa juu Newala, ambako dumu la maji lilikuwa na heshima kuliko mgeni, tulisimama na ndoo mkononi tukitazamana. Kumwaga maji yote yale kwenye shati lisilo na doa! Binti mmoja alilia. Alidhani akimaliza ataulizwa maji ameyatoa wapi.

Halafu zilikuja asubuhi za kimya. Kuanzia kuamka hadi chai, hakuna kusema. Hakuna shikamoo, hakuna "nipishe," hata ukikanyagwa. Alisema sauti iliyotoka kulala inataka kuachwa ikae kitandani kidogo kabla ya kutumwa. Tulikaa kwenye mabenchi, wavulana huku, wasichana kule, tumevaa fulana nyeupe za kambi zilizotakata, midomo imefungwa, tukisikiliza. Baadaye aliuliza ulisikia nini. Ukisema "hakuna kitu" alikutazama kama uliyesema humjui mama yako.

Sasa fikiria mzee wa Newala aliyekuja kumletea mjukuu wake mihogo ya kuchemsha. Anaingia getini saa ya kimya. Anawaona watoto wameketi mistari, weupe, wameoshwa, hawasemi. Anamwita mjukuu, mjukuu anainamisha kichwa. Hata shikamoo hatoi! Kwetu mtoto anakaa hivyo mahali pamoja tu, likumbini, kule porini wavulana wanakowekwa jandoni, wasiruhusiwe kuonekana wala kujibu ovyo. Na hapa wamechanganywa na wasichana!

"Huyu alishatoka!" mzee alipiga kelele, kikapu kimemwanguka. "Huyu tulishamtoa, tukamchezea ngoma, watu wakala! Nani amemrudisha ndani? Mwanamume gani anaweka likumbi bila ya wazee?"

Kesho yake walikuja wazazi wengi, Waislamu na Wakristo, na sijawahi kuwaona wamekubaliana namna ile. Na unajua Mwalimu wa Kambi alikuwa wapi? Yule mtu aliyetufanya tuogope kumeza mate? Alikuwa stoo, amechuchumaa nyuma ya ngoma kubwa. Matroni, mama mnene wa Masasi asiyeogopa mtu, alikwenda kumtafuta.

"Mwalimu, toka. Wanakuuliza wewe."

"Waambie nimekwenda Ndanda."

"Viatu vyako vinaonekana, Mwalimu."

Matroni ndiye aliyewatuliza, na chai. Yeye alitoka walipokwisha kuondoka, akajipangusa vumbi magotini, akatuambia, "Sauti ya tatu jana mlikuwa mmelegea," kana kwamba hakuna lililotokea.

Ndivyo alivyokuwa. Aliogopa wazazi, aliogopa radi, hakuweza kula mbele ya watu; aligeukia ukuta na sahani yake kama mtoto aliyenuna. Ni mtu wa kanisani, Jumapili hakosi, lakini adhana ikilia alisimamisha mazoezi, anainua kidole, anasikiliza hadi mwisho, kisha anawageukia Wakristo: "Mmesikia anavyoshika pale juu bila kuteleza? Ninyi mnateremka kama mbuzi kwenye korongo." Kuimba kwenyewe hatukumsikia akiimba hata siku moja. Alikuwa na kichuma chake cha meno mawili, cha kupimia noti, alikigonga gotini kikalia kidogo, akakisimamisha kwenye paji la uso wako. "Sikia kwa mfupa," alisema. Na kweli mfupa uliimba, na wewe uliogopa, kwa sababu ulijua kwamba mtu huyu anaweza kuingia ndani ya kichwa chako bila hodi.

Huko nje ilibaki imani kwamba anachukua sauti za watoto. Na ushahidi ulikuwepo! Mtoto anakwenda kambini anaimba, anarudi nyumbani, wiki moja tu amekauka koo. Mama yangu alinichemshia majani, akanifukiza chini ya blanketi, akamlaani mtu wa watu. Nami nililaani humo gizani ndani ya mvuke. Asubuhi yake tukaenda wote shambani kupuliza.

Lakini hofu yangu mimi haikutokana na hayo. Ilitokana na Tecla.

Tecla alikuwa na sauti ambayo ukisimama karibu yake yako inajinyoosha yenyewe. Mwalimu alimweka mstari wa mbele. Siku moja tunafanya mazoezi, mkono wake ukaganda hewani.

"Ndanda."

"Naam, Mwalimu."

"Rudia."

Tecla akarudia.

"Usiimbe. Vuta pumzi tu."

Akavuta. Bwalo zima tulisikia.

"Pumzi yako inaishia juu. Tulipoanza ilikuwa inafika chini. Ndani pamejaa. Nenda kwa matroni."

Basi. Hakusema neno la aibu, hakupaza sauti. Chakula cha mchana kilipoiva kila mtu alishajua Tecla ana mimba, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa wa mwisho kuamini. Shule ilimfukuza. Zama zile hapakuwa na mjadala.

Hapo ndipo wasichana tulipoanza kubana pumzi. Hata sisi ambao hatujaguswa na mtu! Akipita nyuma yako unakaza tumbo, unavuta hewa kidogokidogo kama mwizi. Tuliambizana kwamba anasikia kila kitu: umekula nini, umelia lini, umelala na nani.

Alisikia sawa. Hilo ndilo linaniuma mpaka leo. Angekosea ningemcheka. Lakini alisikia sawa, na akasema mbele ya watu. Alikuwa na ofisi. Alikuwa na matroni. Alikuwa na kesho. Mtu mwenye masikio ya namna ile, anashindwaje kusikia namna bwalo linavyonyamaza mtu anapoumbuliwa?

Halafu mtu huyohuyo akaazima baiskeli, akaenda hadi kwao Tecla, kumwomba baba yake amruhusu aje aimbe siku ya onyesho. Baba yake akamfukuza. Hakuondoka. Alikaa chini nje ya uwanja mpaka jua likainama, yeye anayeogopa wazazi. Aliporudi alituambia mahali pa Tecla pale mbele pasikanyagwe. Tuliimba kuna pengo. Wengine walisema ni heshima kubwa. Mimi niliona anamtangaza mara ya pili.

Nilimaliza kidato cha nne, nikaolewa, nikamzaa Somoe. Somoe huyo sasa ana miaka kumi na mitano, na anaimba. Anaimba akiosha vyombo, akitwanga, akigombana na mimi. Mwaka huu mwalimu wake wa shule alipeleka jina lake kambini bila kuniuliza. Nilikataa. Akalia siku nzima, hakuimba, nyumba ikawa kama imefiwa. Nikamwachia. Nilipomfungia begi nilimwambia neno moja: "Akikwambia vuta pumzi, vuta, usimwogope." Akanicheka. "Mama, ni mzee tu yule."

Siku chache kabla ya onyesho simu ikalia. Matroni wa sasa, binti mdogo.

"Shikamoo, Mama Somoe. Mwalimu anasema uje."

"Marahaba. Somoe anaumwa?"

"Anakula vizuri tu. Mwalimu amempa kuimba peke yake, watu wa chuo watakuwepo. Ila amesema mama yake aje asikie mwenyewe."

"Asikie nini?"

"Hajasema, mama."

Nilimwona Tecla pale mbele, amevuta pumzi, anasubiri. Nikamfuata Baba Somoe shambani. Alikuwa ndiyo anashusha mashine mgongoni, njano tupu mpaka masikioni.

"Wananiita kambini. Mwalimu amesikia kitu kwa Somoe."

Alinielewa, maana hadithi ya Tecla anaijua. "Kama ni hivyo nitamuua huyo mvulana."

"Mvulana gani?"

"Yeyote."

Nilimfunga mwanangu mdogo, Hamisi, mgongoni, nikaondoka na kanga ileile ya jikoni. Njia nzima hadi Masasi nilikuwa natunga matusi. Matusi ya Mwalimu, matusi ya mvulana yeyote, matusi ya Somoe. Yalikuwa yananisaidia. Nikiyaacha tu, hofu inakaa palepale.

Nilikuta mlango wa bwalo uko wazi. Wanaimba. Yeye yuko mbele, amenipa mgongo, mdogo zaidi kuliko nilivyomkumbuka, nywele nyeupe, raba zilezile au ndugu zake. Kijana mmoja wa chuo alikuwa anapiga kinanda. Somoe alikuwa mstari wa mbele. Macho yetu yakakutana, akashtuka.

Hamisi akaanza kulia. Na mwanangu huyu akilia bati linasikia. Watoto wote wakageuza macho, wengine wakavuruga wimbo. Mwalimu wa Kambi hakugeuka. Mkono wake uliendelea kupanda na kushuka taratibu, kana kwamba bwalo lote ni shwari. Mtu aliyewahi kusimamisha kwaya kwa ajili ya kunguru mmoja juu ya paa! Hamisi anapiga mayowe hatua chache nyuma yake, na bega lake halikucheza.

Matusi yangu yote yakanipotea.

Alipoona macho ya watoto ndipo alipogeuka. Akanitazama sana usoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mnyambe." Hakuwa amesahau. Akawapa watoto ishara wapumzike, akanivuta mpaka dirishani.

"Husikii," nilimwambia.

Alinitazama midomo. "Lilianza la kushoto. La kulia likafuata. Maneno ya kila siku nayaona mdomoni. Salamu, njoo, kaa."

"Chuo wanajua?"

Akatikisa kichwa. "Wakijua, hakuna kambi. Hawa wengine wanakuja siku mbili na kompyuta zao." Alikuwa ananong'ona, au alidhani ananong'ona. "Huyu mwanao. Namtazama mabega. Yanapanda. Mtoto anayeimba vizuri hapandishi mabega. Zamani ningejua ni nini. Sasa naona tu. Matroni anasema mzima. Wewe ulikuwa na sikio. Sikiliza."

"Ni mimba?"

Hakuona, au hakuelewa. Alikwisha kumgeukia Somoe, akainua kidole.

Somoe akaimba peke yake. Nisiseme uongo, ilikuwa nzuri. Kijana wa kinanda alifumba macho. Watoto walikuwa wametulia kama tulivyokuwa tukitulia kwa Tecla. Mimi sikusikiliza wimbo. Nilisikiliza katikati ya mistari, pale anapovuta hewa, na nilikuwa namwomba Mungu iwe inafika chini.

Pumzi ilikuwa na mluzi. Mwembamba, kama upepo unaopita chini ya mlango. Anavuta, mluzi. Anaimba kama malaika, anavuta, mluzi, na mabega yanapanda kuutafuta upepo. Mluzi ule naujua. Ndivyo nyumba yetu inavyolala mwezi wa sita. Mtoto wa jirani yangu aliupiga msimu mzima, tukaita mafua, mpaka akabebwa kupelekwa hospitali ya Ndanda midomo imekuwa rangi ya majivu. Alipona, lakini hakimbii tena. Na Somoe, asubuhi ileile ya kuja kambini, alikuwa amemshikia baba yake mfuko.

Hofu niliyokuja nayo ikaanguka, nyingine ikapanda mahali pake, nzito kuliko ile.

Wimbo ukaisha. "Umesikia nini?" Mwalimu akaniuliza.

Somoe alikuwa ananitazama. Hakujua nimesikia nini, ila aliujua uso wangu. Akatikisa kichwa kidogo: Mama, usiseme.

Nilisema polepole, pembe ya kanga mdomoni, kama tunavyozungumza na wakubwa. "Ni kifua, Mwalimu."

"Nini?"

Nikashusha kanga. "Kifua. Kinapiga mluzi."

Akakunja uso. Hayo hayakuwa maneno ya kila siku. "Kitu gani? Anafua?"

Watoto wawili wakacheka. Hamisi akaanza tena kulia. Nikamwona mwanangu mabega yanapanda, yanashuka, na huyu mzee ameinama kunitazama mdomo kama anayesoma kibao cha mbali. Hasira ikanijia, ya Tecla, ya salfa, ya kila kitu.

"KIFUA!" nilipiga kelele. "Kifua chake kinapiga mluzi! Ni salfa, Mwalimu! Huyu mtoto haimbi, anakwenda hospitali!"

Bwalo likanyamaza. Hata Hamisi.

Hakuna aliyemtazama Somoe. Walikuwa wanamtazama Mwalimu. Nilikuwa nimesimama naye pua kwa pua, na nimempigia kelele za kuita mtu ng'ambo ya bonde, na yeye hakushtuka. Aliitikia kwa kichwa tu, ametosheka, kama mtu aliyesikia vizuri kwa mara ya kwanza siku nyingi. Kijana wa chuo alikuwa ameondoa vidole kwenye kinanda.

"Asante," alisema Mwalimu, kwa sauti kubwa mno. "Mpeleke leoleo. Usimpitishe nyumbani." Halafu akawageukia watoto na kuinua mkono. "Sauti ya pili. Anzeni."

Sauti ya pili haikuanza. Walikuwa wanamtazama kijana wa kinanda, wanasubiri aseme yeye. Mkono wa mzee ulibaki juu.

Niliubeba mkoba wa Somoe mwenyewe. Tukasimama barabarani kusubiri gari la Ndanda, yeye huku, mimi huku, Hamisi amelala mgongoni kwangu. Hakulia. Ningependa angelia. Alitazama lami, anavuta hewa yake ya miluzi, halafu akasema bila kunigeukia:

"Ungeniambia mimi, Mama. Mimi nasikia."

Gari likaja, nikamkalisha mbele, dirishani, kwenye upepo.